Kamba Niliyoishusha

Kisu hupimwa kambani, si kiunoni. Nimelisema neno hilo kwa sababu ya Gamaya hapa, aliyerudi jana kutoka mnadani na kisu cheusi cha kijeshi, ala kaifunga pajani utadhani kesho tunakwenda vitani. Mmecheka, kisha mkaniuliza, babu, methali hiyo imetoka wapi. Haya, kaeni. Haikutoka mbali. Ilitoka nyumbani kwetu, nami nilikuwepo, na laiti ingetoka kwa watu wengine.

Enzi hizo, kila mvua zikielekea ukingoni, tulikuwa tukihamisha ng'ombe kwenda kwenye malisho ya ng'ambo ya mto. Daraja halikuwepo. Ng'ombe huvuka kwa kumfuata dume mmoja, na dume huyo huongozwa na mtu anayeogelea mbele yake, kamba ameizungusha mkononi mara tatu. Asipoizungusha, maji yatampokonya, dume atageuka nyuma, na kundi lote litageuka naye. Lakini mkono uliofungwa kwa dume ni mkono ulio hatarini, kwa hiyo ubavuni mwa mwongozaji hakukosekana mtu mwingine, mshika kisu. Kazi yake ilikuwa moja tu: dume akizidiwa na maji, akate kamba.

Ndiyo maana ilikuwa desturi yetu kisu kipimwe kwanza. Kipande cha kamba ya katani kinaloweshwa, maana iliyolowa ndiyo ngumu. Mtu anakishika kwa mikono miwili na kukivuta, naye mshika kisu anapitisha kisu mara moja. Kamba ikikatika, twende. Isipokatika, anarudi kwenye kinoo, au kazi anapewa mwingine. Mwaka ule kamba ya kupimia niliishika mimi, Shilinde, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mkubwa wa nyumba.

Mwongozaji alikuwa mdogo wangu, Mhoja. Hata mwaka hajamaliza tangu aoe, na mkewe alikuwa mjamzito. Mshika kisu alikuwa Ndalahwa, mtu wa kijiji chetu aliyepigana vita vya Kagera akarudi mzima. Tulimwita afande. Mtu yule aliheshimiwa, nawaambieni. Akiingia mahali, hata wazee walimpisha kiti.

Kisu chake kila mtu alikijua. Kilikuwa kipana, chuma chake kizito kimeingia mpaka mwisho wa mpini, na mgongoni kina meno ya msumeno. Gamaya, usinitazame hivyo. Kilikuwa kizuri kuliko hicho chako. Chuma hakikuwa na kosa lolote. Ila tangu arudi vitani, Ndalahwa alikuwa akikisugua kwa majivu na mafuta mpaka unajiona uso, na kwenye kinoo hakukipeleka hata siku moja. Alikitumia kufungulia makopo na kung'olea misumari, kisha anakirudisha kwenye ala ya ngozi. Na ngozi hutunza unyevu, nao unyevu hula makali kimyakimya. Kisu kinataka maji na subira. Unakilaza kwenye jiwe, mgongo umeinuka kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, unakipitisha upande huu na upande huu, sawasawa, mpaka ukikiegemeza kwenye ukucha hakitelezi. Kitambaa kinaleta kung'aa tu. Makali yanatoka kwenye jiwe.

Basi siku hiyo tulifika mtoni jua limeshapanda. Maji yalikuwa ya udongo, yamebeba matawi na magogo, tukajua kwamba huko juu mvua imenyesha. Nikalowesha kamba, nikaivuta mbele ya Ndalahwa. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ya nini hiyo?" akauliza.

"Ya desturi, afande. Pitisha mara moja tu, tuvuke."

"Shilinde, kisu hiki kimetoka vitani. Leo unakipima kwa kamba ya kufungia ndama?"

Watu wakacheka. Hakusema kwa hasira, alisema kwa utani, na huo utani ndio ulioniponza. Angekasirika, nami ningekasirika, na kamba ingekatwa. Nikabaki nimeishika kama mjinga. Ndipo mdogo wangu akanisogelea, akaninong'oneza.

"Kaka, mwache. Mtu amelala mahandakini, sisi tunampima kwa kamba? Unatutia aibu."

"Ni mkono wako, Mhoja."

"Ndiyo, ni wangu. Nami namwamini."

Nikaishusha kamba. Nasema wazi, sikuwa nimeshawishika. Niliona haya tu. Wiki iliyotangulia nilikiona kisu kile kikihangaika kwenye ngozi ya mbuzi, kinateleza, mwenyewe anakikandamiza kwa nguvu. Nilikiona na sikusema, kwa sababu mwenye kisu alikuwa mtu mkubwa.

Wakaingia majini. Mpaka katikati walikwenda vizuri, Mhoja mbele, dume nyuma yake, Ndalahwa ubavuni, na ng'ombe wengine wameanza kufuata. Kisha likaja gogo chini ya maji. Hatukuliona. Likampiga dume miguuni, akalala ubavu, na mto ukamchukua. Kamba ikakaza mkononi mwa Mhoja.

"Kata!" akaita.

Ndalahwa alikuwa palepale. Hakukimbia, siwezi kumsingizia. Aliishika kamba kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu. Akapitisha tena. Akaanza kukereza kama mtu anayekata kuni. Akakigeuza, akajaribu kwa yale meno ya mgongoni, yakanasa kwenye nyuzi za katani, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Mhoja akaita mara ya pili. Mara ya tatu maji yalikuwa yameshamwingia kinywani. Nilijitupa mtoni, lakini nilikuwa mbali, na nilipofika nilimkuta Ndalahwa peke yake, kisu mkononi, analia.

Tulimpata mdogo wangu siku ya pili, mbali sana huko chini, bado amefungwa kwa dume wake. Kamba ilikuwa imekatwa nusu. Nilimfungua kwa mikono yangu mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine aiguse.

Baada ya mazishi Ndalahwa alikuja nyumbani. Alipiga magoti mbele ya mama yangu, akakiweka kisu chini.

"Mama," akasema, "nifanyie lolote utakalo."

Mama hakukigusa kile kisu. Hakumtukana mtu wala hakumfukuza. Alinigeukia mimi.

"Shilinde, mlikipima?"

Nikasema, "Mama, afande alikuwa nacho kiunoni. Kila mtu alikiona."

"Kisu hupimwa kambani, mwanangu," mama akasema. "Si kiunoni."

Waombolezaji walilisikia neno hilo, wakaenda nalo makwao, na leo limefika hata kwa watu wasioujua mto wetu. Nalisikia wakati wa uchaguzi, nalisikia kwa wazazi wanaotafuta wakwe, na wengi hulisema wakicheka. Ndalahwa alihama kijiji mwaka uleule. Watu husema methali ile ilimfukuza, kwamba ilitungwa kumsuta yeye.

Mimi najua haikutungwa kwa ajili yake. Mama aliishi miaka tisa baada ya hapo, nikamtunza mpaka siku yake ya mwisho, na kila siku nilijiandaa aniulize zaidi, nimwambie habari ya ile ngozi ya mbuzi. Hakuniuliza. Hakuwa na haja. Siku ile Ndalahwa amepiga magoti mbele yake, mama hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi niliyeishika kamba, akaniambia mimi: kisu hupimwa kambani, si kiunoni.