Matanga ya Baba Yake Inguni

Asiyeketi matangani hajafika. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu. Mmeniuliza kwa sababu mmemsikia mwinjilisti akimwambia yule mwalimu mgeni, nami nitawaeleza nilivyoona kwa macho yangu. Siku hizo nilikuwa mama kijana, baba yenu yuko mgongoni.

Alikuja hapa Kisonga dada mmoja wa kujitolea kutoka Norwei, jina lake Ingunn. Sisi tulimwita Inguni. Kanisa la kwao lilimtuma kwa miaka miwili, apime watoto uzito na kuwafundisha akina mama lishe. Alikuwa mchapakazi. Alijifunza kubeba ndoo kichwani, akala mboga ya mlenda inayoteleza bila kukunja uso, na Jumapili aliketi na wanawake akifuatisha nyimbo kitabuni kwa kidole. Kliniki yake ilikuwa kila Jumatano, saa mbili kamili, mizani ikining'inia kwenye boriti ya ghala la kanisa.

Mwezi wa saba tangu afike, jirani yake, Mama Msengi, alifiwa na mwanawe Yeremia. Kijana aliangukiwa na kifusi akichimba kisima. Inguni alikuja msibani na sukari na mchele, akaomba sala fupi, akampa mfiwa mkono, na haikupita nusu saa akaondoka. Kesho yake ilikuwa Jumatano. Sisi sote tulikuwa tumeketi mikekani kwa Mama Msengi. Inguni alifungua ghala, akakaa na mizani yake hadi adhuhuri, peke yake.

Baada ya matanga, kliniki ikapwaya. Hakuna aliyemgombeza. Tulimsalimu vizuri njiani, lakini miguu yetu ilikuwa mizito kwenda kwake. Alipomuuliza mwinjilisti, aliambiwa watu wana palizi. Inguni aliona mashamba yamekwisha kupaliliwa, akajua anafichwa jambo. Akawaandikia wa kwao kwamba huenda hahitajiki huku.

Kabla ya kuituma barua hiyo, alikwenda kwa Mama Msengi. Nilikuwepo, tukipepeta mtama. Akakaa chini, akauliza, "Mama, nimekosa nini?"

Mama Msengi aliweka ungo pembeni. "Hukukosa, mwanangu. Ila bado hujafika."

"Nina miezi minane hapa, Mama."

"Mizigo yako ina miezi minane. Wewe ulipita kwangu kama mtu anayeuliza njia."

Inguni akasema kwamba kwao mfiwa huachwa apumzike, kumkalia ni kumsumbua, na kwamba aliondoka upesi kwa heshima. Akaeleza kuwa baba yake alikufa mwaka mmoja kabla hajaja huku. Watu walileta maua, wakaondoka, naye akabaki na mama yake katika nyumba iliyo kimya. Siku ya nne akarudi kazini.

"Nani alikaa nanyi?" aliuliza Mama Msengi.

"Hakuna."

"Basi baba yako hajakaliwa matanga."

Mama yule, ambaye kaburi la mwanawe lilikuwa bado bichi, aliinuka akanituma niwaite wanawake. Jioni ile tulikwenda kwa Inguni na mikeka, kuni na unga. Hatukuhubiri. Tulimuuliza baba yake aliitwa nani, alipenda chakula gani, alikuwa na hasira au mpole. Alijibu kidogo kidogo, mpaka alipofika kwenye namna baba yake alivyopiga mluzi akikata kuni. Hapo akalia, nasi tukalia naye, na Mama Msengi akamlilia Yeremia wake upya. Tulikaa siku mbili. Jumatano ghala halikufunguliwa.

Jumatano iliyofuata, foleni ya akina mama ilitoka nje ya mlango, nami nilikuwemo.

Miaka yake miwili ilipokwisha, kanisa la kwao lilimleta kijana wa kushika nafasi yake. Alishuka na daftari, akamuuliza Inguni aanze na kazi gani. Siku hiyo kulikuwa na msiba upande wa mtoni, nasi tulikuwa njiani kwenda huko. Inguni alimchukulia lile daftari, akampa mkeka aubebe, akamwambia kwa Kiswahili ili nasi tusikie:

"Asiyeketi matangani hajafika."