Mavuno na Mazao katika Yadi Moja

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake haihitaji mwalimu. Mtu akiwashwa mwili mzima humlaumu mbu, humlaumu jirani aliyeacha maji yatuame, hulaumu hata majira ya mwaka, na muda wote huo mdudu anayemtafuna yumo kwenye pindo la shuka aliyojifunga mwenyewe. Methali hii watu huitaja kila siku, na kila siku hufanya mambo kana kwamba hawajawahi kuisikia. Yaliyotokea katika yadi ya Bi Mwajabu pale Kibiti ni ushahidi wa kutosha, ingawa kuyasimulia kunatia hasira.

Bi Mwajabu alikuwa wakala wa Tausi, kampuni inayounganisha pikapu ndogo huko Dar es Salaam. Yadi aliijenga kando ya barabara iendayo Kilwa, juu ya kiwanja alichorithi kwa baba yake, baada ya kuacha biashara ya vitenge iliyomzeesha kabla ya wakati. Kwa miaka kadhaa aliuza gari la aina moja tu, Tausi Mavuno. Lilikuwa gari lisilo na makuu: injini ndogo, bodi pana nyuma, na springi za kuvumilia mashimo. Wakulima wa korosho wa Ruaruke walilipenda. Mtu alikuja, akalizunguka, akapiga teke tairi kama ilivyo ada, akanunua. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho, na pengine wepesi huo ndio uliowakera wakubwa wa kampuni.

Siku moja akaja afisa mauzo kutoka makao makuu, kijana nadhifu aitwaye Tamimu, na nyuma yake likaja lori limebeba gari jipya. Gari hilo liliitwa Tausi Mazao. Liliposhushwa na kuegeshwa kando ya Mavuno, Bi Mwajabu aliyatazama yote mawili kama mtu anayetazama mapacha waliovishwa sare ya Idi.

"Hili lina tofauti gani na lile?" aliuliza.

"Tofauti kubwa sana, Mama. Mavuno ni la mkulima anayefanya biashara. Mazao ni la mfanyabiashara anayelima."

"Na mtu akiingia hapa getini, mimi nitamjuaje ni yupi kati ya hao?"

Tamimu alicheka kwa adabu, akafungua kompyuta yake na kumwonyesha picha za rangi rangi. Bi Mwajabu hakuzitazama sana. Alichuchumaa, akachungulia chini ya gari hili, kisha chini ya lile. Injini ilikuwa moja, chesisi moja, springi zile zile. Mazao lilizidi kwa taa za duara na kwa shubiri moja ya urefu wa bodi. Bei nazo zilipishana kidogo tu, kiasi ambacho mteja anayejua kubembeleza angepunguziwa bila jasho.

"Basi si mngeiongeza hiyo shubiri kwenye Mavuno, mambo yakaisha?"

"Soko linataka uchaguzi, Mama," Tamimu alijibu.

Soko gani lililotaka uchaguzi, hakusema. Mkulima wa Ruaruke hakuwa ameomba taa za duara. Lakini kampuni ilikwishaamua, na iliamua zaidi ya hapo: kila gari liwe na muuzaji wake, bendera yake na upande wake wa yadi. Muuzaji ambaye gari lake lingelipita lile jingine kwa mauzo angepewa zawadi. Angalia akili za watu wenye elimu zao! Hakuna aliyeahidiwa chochote kwa kumshinda Dulla, mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akiuza magari yaliyotumika. Zawadi ilikuwa ya kumshinda ndugu yako mnayekula naye sahani moja.

Bi Mwajabu alimkabidhi Mavuno mwanawe, Saadi. Mazao alimpa Gharibu, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alidhani amefanya busara, kwa kuwa faida yote ingebaki nyumbani. Kitu kimoja hakukipima. Katika ukoo wao mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wa pwani si mzaha wa kupitisha muda tu. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, hata msibani, hata mbele ya wakweo, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Na kwa kuwa mtani haogopi, watu huamini kwamba yeye ndiye anayelitoa hadharani lile ambalo wengine wanalifumbika.

Utani ukahamia kwenye magari.

"Jamani, mtani wangu huyu anauza jeneza lenye matairi!" Gharibu alipaza sauti, mkono wake ukilielekea Mavuno la Saadi. "Likinusa chumvi ya bahari ya Nyamisati tu, linababuka kama mtu mwenye ukurutu!"

"Nani kasema?" Saadi alijibu huku akicheka, maana ilimlazimu kucheka. "Mwenye gari linalopiga magoti? Hilo Mazao likiona tope la Ruaruke hujilaza, hata umwite sheikh halisimami!"

Watu walijaa. Waendesha bodaboda waliacha abiria wao, mama wa chapati akasogeza jiko karibu na uzio. Bi Mwajabu naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Alipoona yadi imefurika aliona biashara imechangamka. Hakujiuliza mbona wanaocheka ni wengi na wanaonunua wamepungua. Mkulima aliyekuja kwa ajili ya Mavuno alisikia habari ya ukurutu, akageukia Mazao. Akasikia habari ya kupiga magoti, akasema atarudi baada ya msimu. Misimu ikapita, wala hakurudi.

Ndipo ilipokuja oda ya Mbwera. Ushirika wa wavuvi na wakulima wa Mbwera na Maparoni ulitaka pikapu kadhaa za kuchukua kamba wakavu, kaa na mpunga vinavyoshushwa kutoka kwenye boti pale Nyamisati na kuvipeleka sokoni. Haikuwahi kutokea oda kubwa kama ile pale Kibiti. Tamimu alipiga simu kutoka Dar es Salaam, na safari hii sauti yake haikuwa na kicheko.

"Mama, nikwambie ukweli. Mauzo yako yameshuka. Oda hii ikikupita, uwakala unahamia Ikwiriri."

Bi Mwajabu alikaa chini. Bila Tausi, yadi ile ilikuwa sakafu ya saruji na kibanda cha mlinzi. Nguvu za kurudi kutembeza vitenge hakuwa nazo tena, na kukiuza kiwanja cha baba yake lilikuwa jambo ambalo hakutaka hata kulifikiria. Aliwaita vijana wake.

"Kesho wageni wa Mbwera wanakuja. Sitaki utani."

"Mama, watu huja hapa kwa ajili ya utani," Saadi alisema.

"Kweli, Shangazi," Gharibu akadakia. "Tukinyamaza watadhani tunaumwa."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa wawili hao kukubaliana. Bi Mwajabu akalegea. "Haya, basi kidogo tu," alisema. Kidogo! Nani aliwahi kumwona mtani akatania kidogo?

Kesho yake wakafika. Aliyetangulia alikuwa Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa ushirika, mtu wa maneno machache. Nyuma yake alikuwa Bi Salama, mweka hazina, mwanamke mwembamba asiyependa kuharakishwa. Walisalimiwa, wakapewa viti na maji baridi. Saadi alianza vizuri. Alieleza uzito ambao Mavuno linaweza kubeba, akataja na bei yake, na mzee akatikisa kichwa kuafiki. Gharibu alipoona zawadi inaelekea upande wa pili, ulimi ukamwasha.

"Mzee, usisahau kununua na rangi. Gari la binamu yangu hilo, chumvi huila chuma chake kama mchwa!"

Mzee Mwinjuma alitabasamu. Saadi hakuweza kunyamaza.

"Afadhali linalobabuka linafika! La kwake springi zikipata mpunga hulala moja kwa moja, mtaupeleka sokoni mkiwa mmeubeba vichwani!"

Wakaendelea hivyo, huyu akitaja breki, yule akitaja klachi, mpaka hapakubaki kiungo cha gari ambacho hakikupata tusi lake. Watu nje ya uzio walikuwa hoi kwa kicheko. Bi Salama peke yake hakucheka. Aliinuka, akainama kutazama chini ya Mavuno, kisha chini ya Mazao, kama alivyofanya Bi Mwajabu siku ile ya kwanza.

"Wanangu," aliuliza, "chuma cha hili na chuma cha lile vinatoka kiwanda kimoja?"

"Kimoja, Mama," wakajibu kwa pamoja.

"Na springi?"

"Zile zile."

"Basi chumvi inayokula hili inakula na lile. Na tope linalolaza lile linalaza na hili."

Kicheko kilikatika. Bi Mwajabu aliinuka upesi.

"Bi Salama, huo ni utani tu! Hawa ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Magari haya yako Ruaruke miaka yote, kawaulizeni wenyewe!"

"Na mimi nina watani, Bi Mwajabu," Mzee Mwinjuma alisema, akivaa kofia yake. "Alipofariki baba yangu, watani ndio waliotaja pale matangani kila ambacho sisi watoto tulikificha. Hawakusema uongo hata mmoja. Asante kwa maji."

Wakatoka, wakavuka barabara mpaka kwa Dulla. Dulla alikuwa kwenye kiti chake akinywa kahawa. Hakusimama kuwavutia. Alisema tu, "Hilo mlango umebonyea, mengine mtayajaribu wenyewe," akawapa funguo.

Bi Mwajabu hakukubali kushindwa kirahisi. Asubuhi iliyofuata, aliposikia kwamba wageni wamepeana mkono na Dulla lakini hawajalipa, na kwamba wako Nyamisati wakingoja maji yajae ili boti iondoke, aliwapakia vijana wake ndani ya Mavuno wakakimbia huko. Njiani aliwaapisha wasitamke neno baya juu ya gari lolote. Wakaapa kwa Mungu. Na kusema haki, kiapo chao walikitimiza.

"Mzee Mwinjuma," Bi Mwajabu alianza walipofika gatini, "nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba utupe nafasi nyingine. Kalijaribu gari mwenyewe, mwezi mzima ukitaka."

Mzee alimsikiliza. Alimtazama Bi Salama, naye Bi Salama akalisogelea Mavuno, akaanza kulizunguka. Mambo yalikuwa yanaelekea kutengenea.

"Chukueni Mavuno, Mzee, na bei tutawapunguzia," Saadi akasema.

"Mazao tutapunguza zaidi," Gharibu akasema.

"Mavuno tutaongeza na matairi ya akiba."

"Mazao matairi, turubai, na bei ishuke tena!"

"Nyamazeni!" Bi Mwajabu alipiga kelele. Walikwishapofuka. Kila mmoja alishusha chini ya mwenzake, wakashuka mpaka pale ambapo hata kiwanda kingelia. Wachukuzi waliokuwa wakipakia magunia walisimama kutazama.

Bi Salama aliinua mkono. "Inatosha. Kama bei hii inawezekana leo, ile mliyotutajia jana ilikuwa ya nini? Na kama haiwezekani, mnatudanganya sasa hivi. Kwa vyovyote vile, sisi hatuwezi kufanya biashara na ninyi."

Maji yalikuwa yamejaa. Wakapanda boti yao.

Bi Mwajabu alibaki amesimama gatini, na hasira ilimjaa hata akashindwa kulia. Angetaka kumchukia Dulla, lakini Dulla alikuwa amefanya nini zaidi ya kunywa kahawa? Angetaka kuwalaumu watu wa Mbwera, lakini walisema lipi lisilo kweli? Nyuma yake vijana walikuwa wakibishana nani aliyeanza kushusha bei.

Siku chache baadaye Tamimu alikuja na mafundi kung'oa bango la Tausi. Bi Mwajabu alisimama kivulini mwa kibanda cha mlinzi, akiangalia kiwanja cha baba yake kinavyobaki kitupu.

"Pole sana, Mama," Tamimu alisema. "Ni huyu wa ng'ambo ya barabara aliyekushinda?"

"Hapana, baba. Mavuno limeliwa na Mazao, na Mazao likaliwa na Mavuno. Nendeni mkawaambie wakubwa zenu."

"Wanajua, Mama. Wamelichunguza suala hilo kwa kina," Tamimu alijibu, na uso wake ukachangamka. "Wamegundua kwamba kati ya Mavuno na Mazao kuna pengo. Kwa hiyo Ikwiriri tunapeleka gari la tatu, litakaa katikati."

Bi Mwajabu alitaka kumwuliza katikati ya shubiri moja panaingia nini, lakini alichoka. Aliingia kibandani akaanza kukusanya vikombe vyake, naye Tamimu akaondoka zake na bango begani, akitafuta adui wa kampuni yake barabarani. Wahenga waliitoa hukumu ya kesi hii kabla gari la kwanza halijaundwa: kikulacho ki nguoni mwako.