Pembe na Nyota za Holo

Chapa huigwa, moshi hauigwi. Mmemsikia shangazi yenu akilisema neno hilo huku akibandika karatasi za jina kwenye chupa zake za asali, nanyi mmeniuliza limetoka wapi. Basi sogeeni niwaeleze lilivyoanza, kama nilivyoelezwa na bibi yangu.

Alikuwapo mjane mmoja, Holo, aliyeuza samli mnadani. Enzi hizo hapakuwa na makopo wala chupa. Samli iliuzwa ndani ya kibuyu, na kila mama alichoma chapa yake ubavuni mwa kibuyu kwa chuma cha moto. Ya Holo ilikuwa pembe mbili za ng'ombe na nyota katikati. Watu hawakuonja wala kuuliza. Wakiona pembe na nyota, wanachukua.

Lakini kabla ya kutia samli, ili isivunde, Holo alikifukiza kibuyu kwa vijiti vya mgunga, asubuhi kwa asubuhi, mwezi mzima, mpaka ndani kukawa kweusi. Kazi hiyo inachosha, na moshi unaumiza macho. Wenzake walimcheka, wakamwuliza kama anatengeneza kibuyu au anakausha nyama.

Siku moja ya mnada akaja mzee Masunga na kibuyu mkononi, uso umemkunjamana. Samli aliyonunua kwa harusi ya binti yake ilikuwa imevunda, wakwe wakarudisha matonge sahanini. Na chapa ni pembe na nyota. Watu wakajaa. Mkuu wa mnada akasema kama ni kweli, Holo akusanye vibuyu vyake asirudi tena. Na samli ndiyo iliyokuwa ikilisha wanawe.

Holo akakipokea, akakigeuzageuza. Chapa ilikuwa yake kabisa, hata yeye hakuona tofauti. Kisha akakinusa mdomoni.

"Baba, utaniruhusu nikivunje?"

"Kivunje. Nimekwisha kuaibika, kibuyu cha nini tena?"

Akakipiga jiweni. Ndani kilikuwa cheupe kama boga bichi. Hapo akachukua kibuyu chake kizuri kuliko vyote, alichorithi kwa mama mkwe wake, nacho akakipasua pia. Samli ikamwagika mchangani. Vigae vyake vilikuwa vyeusi kama masizi ya chungu, vinanukia mgunga.

Mzee Masunga akaokota kigae, akakinusa kwa muda mrefu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikuja kukufukuzisha kwa kosa la mwingine."

Nkwimba, jirani yake Holo, akajitokeza amejifunika nguo hadi puani. "Ni mimi. Miezi mitatu vibuyu vyangu havikuguswa. Nikadhani watu wanapenda nyota."

Watu wakacheka, hata Holo akacheka, machozi yakimtoka. Mbuzi wa fidia alitoka kwa Nkwimba akaenda kwa mzee Masunga siku hiyohiyo.

"Njoo kesho na vijiti vyako, tufukize," Holo akamwambia. "Lakini nyota utaniachia. Chora hata kuku."

Akaokota vigae vya kibuyu chake, akavifunga kwenye nguo, akaenda nyumbani akitembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wanawe walipoviona wakashtuka, wakamwuliza nani kavunja kibuyu cha bibi.

"Nimekivunja mimi," akasema. "Chapa huigwa, moshi hauigwi."