Jina la Mtoto wa Mahija

Hapo zamani, siku zile mkonge ulipokuwa mali na harufu yake ikituganda mpaka kwenye nguo za kutokea, watu wa kambi yetu tulikula sinia moja, na Jumamosi ngoma haikukosa. Nikizikumbuka siku zile roho inaniuma. Chakula hatukufichana hata kidogo. Tulifichana maradhi tu.

Palikuwa na mkata mkonge mmoja, Singano, kijana wa maringo. Kabla ya kuoa alitokwa na kidonda sehemu za siri. Hakikumuuma. Akadhani ni mwiba wa mkonge, maana nani kati ya wakataji hakuwa na makovu? Kikapona chenyewe. Akafurahi, akamwoa Mahija.

Ikaja Idi. Bi Chausiku, fundi wa hina, akamshika Mahija mikono, akaona madoa mekundu viganjani, kisha nyayoni. Akauliza kama yanawasha. Hayawashi. Akamwonea huruma bibi harusi, akakoleza hina mpaka madoa yakapotea, na kambi nzima ikamsifu kwa kazi nzuri.

Mahija akashika mimba, mtoto akazaliwa amekufa. Akashika ya pili, ikawa vilevile. Nesi Tabu wa zahanati ya kambi alihisi ni kaswende, lakini akaona haya kumtamkia mke wa mtu neno kama lile. Akampa vidonge vya kuongeza damu.

Mimba ya tatu ilipoonekana, mama yake Singano akasema mkwe huyu ana jini mla watoto, arudishwe kwao. Mizigo ikafungwa. Majirani wakaja kuaga. Bi Chausiku alipomwona Mahija amekaa juu ya furushi lake, akashindwa kuvumilia, akaeleza habari ya madoa. Mama mkwe akadakia: basi mgonjwa ni huyu mwanamke. Hapo Singano, ambaye angeweza kunyamaza, akasema mbele ya wote:

"Mama, ugonjwa nimeuleta mimi. Nilikuwa na kidonda kabla sijamwoa."

Wakaenda zahanati, damu ikapimwa. Nesi Tabu akawaeleza kwamba ni bakteria, kijidudu kilichojisokota kama skrubu, hakionekani kwa macho. Kidonda hufunga, kijidudu kikabaki ndani ya damu, kikamfuata mtoto tumboni. Wakahitaji sindano za penisilini wote wawili, na dawa ilikuwa imekwisha. Nesi akaenda kuifuata mjini kwa miguu, mvua ikimnyeshea.

Mtoto akazaliwa, akalia. Sote tulilia naye.

Desturi ya kambi yetu, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina na aliyemwokoa. Siku ya kumtoa nje wakajitokeza watatu.

Bi Chausiku akasema, "Nisingefumbua mdomo, Mahija angekwishapanda treni."

Singano akasema, "Nisingekiri, wangesema ni yeye, angeondoka vilevile. Nilijivua nguo mbele ya mama yangu."

Nesi Tabu akasema, "Maneno hayaui kijidudu. Kimeuawa na dawa, na dawa niliileta mimi."

Mahija akawasikiliza wote, mtoto kifuani.

"Mmesema kweli," akawaambia. "Lakini kila mmoja wenu alikuwa na neno lake tangu mwanzo, na wanangu wawili nimewazika hawana majina."

Kisha akamfunua mtoto uso.

Haya, mnaonisikiliza: mngekuwa ninyi ndio Mahija, nani kati ya hao watatu mngemwachia ampe mtoto yule jina?