Sahani ya Bi Mboni

Ukila cha jirani, rudisha sahani. Ndivyo alivyosema bibi yenu sasa hivi, akabeba ndoo yake akaenda zake bombani, na ninyi mmebaki mnanitolea macho mimi. Mnauliza sahani gani, na nani kaificha. Haya, kaeni. Tunu, mke wangu, isogeze hiyo piza yako huku, babu azungumze huku anatafuna. Nimesikia sifa zake tangu asubuhi. Uliila hotelini Tanga, ukaja kuipika hapa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na wageni walipokuuliza ukasema umebuni mwenyewe, hakuna aliyekufundisha. Bibi yako alikuwa anasikia. Hilo tutalifikia. Kwanza niwaambie methali yenyewe ilikotoka.

Mimi nilikuwa kijana, natengeneza baiskeli Korogwe, karibu na stesheni. Mbele ya kibanda changu ilikuwa nyumba ya mjane mmoja, Bi Mboni. Mumewe alikuwa mtu wa reli. Alipokufa alimwachia nyumba ile, wajukuu wa kulea, na sahani mbili za udongo zenye maua ya waridi, alizomletea siku moja kutoka Tanga amezifunga ndani ya koti lake zisivunjike. Sahani zile alizipenda mama yule, sijui niseme nini. Hakuzitoa ila kwa mtu anayemheshimu.

Sasa Bi Mboni alikuwa na ulimi wa kudadisi. Wenzake wakisafiri wananunua kanga, yeye anaingia hotelini. Anaagiza kitu asichokijua hata jina, anakitafuna polepole kafumba macho, halafu anamwita mpishi amuulize. Akirudi nyumbani hana raha mpaka kitu kile kitoke kwenye karai lake. Mara ya kwanza kinatoka kibaya, wajukuu wanakula hivyo hivyo. Mara ya pili wanakula kimya. Ukisikia wanagombana, ujue kimekubali.

Basi alikwenda Tanga kumuuguza dada yake, akala katlesi kwa Mwarabu mmoja karibu na soko. Mnazijua, viazi vya kupondwa, katikati nyama ya kusaga, inachovywa kwenye yai, inakaangwa. Akarudi nazo kichwani. Lakini Korogwe yetu viazi vya Lushoto vilikuwa vinapita juu ya lori, havishuki, na nyama ya kusaga kila siku mjane ataitoa wapi? Akatumia akili yake. Muhogo upo. Akauchemsha, akautoa mizizi, akauponda ungali wa moto. Ndani akatia papa mkavu, kamroweka, kamchambua, kamkaanga na kitunguu na nazi na pilipili, na akishaepua anamkamulia ndimu. Yai juu, karaini. Jamani. Mimi nilikuwa naacha tairi la mtu linaning'inia, navuka barabara.

Na kila aliyekula, Bi Mboni alimwambia, hata kama hukumuuliza: asili yake hii ni Tanga, kwa yule Mwarabu wa sokoni, mimi nimebadilisha tu. Ukitaka kujua anavyopika, anakueleza mpaka ndimu. Alikuwa hafichi. Jioni anatoa jiko barazani anakaanga, watu wanakuja, na kwa hicho hicho wale watoto walikuwa wanavaa na kusoma. Hakuwa na kingine. Shikeni hilo.

Jingine mshike ni hili la alama. Ninyi siku hizi mnakodi vyombo. Sisi shughuli ikiwa mtaani, arusi au msiba, sufuria na sahani zinatoka kila nyumba. Zitarudije kwa wenyewe? Kila mwanamke alikuwa na alama yake chini ya chombo. Mwingine anakwaruza kwa msumari, mwingine anatia rangi ya mlango. Bi Mboni alikuwa anatia nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu, zimekaa kama mafiga. Mtaa mzima walizijua. Ukiona mafiga, chombo cha Bi Mboni.

Ng'ambo ya barabara, upande wangu, palikuwa na hoteli ya Bwana Semboja. Chai, maharage, wali, na chapati ngumu kama tairi, na mimi tairi nazijua. Mwaka huo Ramadhani mkewe alikuwa kwao Handeni, kaenda kujifungua. Bi Mboni akasema jirani hawezi kufuturu peke yake kama msafiri. Akapanga katlesi kwenye mojawapo ya zile sahani za waridi, akafunika kawa, akampelekea mwenyewe kwa mikono yake.

Kawa ilirudi. Sahani haikurudi.

Na ninyi mnajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, tia chumvi, tia ndimu mbili, tia ndizi. Labda Semboja hakuwa na cha kutia, labda uvivu, mimi sijui. Na mwenye sahani naye haendi kudai, ni aibu, utaonekana ulitoa kwa hesabu. Kwa hiyo Bi Mboni hakwenda. Ikapita Idi, ikapita Mfunguo Mosi yote, kimya.

Mara tukaona Semboja ametundika kibao: Katlesi Maalumu. Za muhogo. Ndani papa. Abiria wakishuka kwenye treni anawaambia amefundishwa na mpishi mmoja Mgoa, Mombasa, kwenye hoteli kubwa. Mimi nikanunua moja nikampelekea Bi Mboni kwenye karatasi, nikijua atapasuka kwa hasira. Alitafuna, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Amekaribia. Ndimu hakutia." Basi. Akacheka, akasema hata yeye aliiga, mwache naye auze, barabara ina pande mbili.

Mimi ndiye niliyekasirika. Na hasira yangu ilikuwa haijafika popote, kwa sababu lililofuata ni baya zaidi. Watu walikuwa wanaonja kwa Semboja, halafu wanavuka kwenda barazani kwa Bi Mboni, wanarudi kwa Bi Mboni tena. Semboja akaona. Badala ya kununua ndimu, mtu yule akavaa kanzu akaenda kwa mjumbe wetu, Mzee Kilua, kushtaki. Ati kuna mama anaiga chakula cha hoteli yake, anakipika ovyo barabarani, anamharibia jina. Anataka apigwe marufuku. Mnasikia maneno hayo? Mtu umekula futari yake.

Na Mzee Kilua, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini anaheshimu sana kanzu. Akamwambia Bi Mboni asikaange mpaka kesi isikilizwe. Jioni ile baraza likawa giza. Watu wanapita, wanatazama pale jiko linapokaa, wanaendelea. Kesho yake hivyo hivyo. Wale watoto walianza kunywa uji asubuhi na uji usiku, na mmoja alirudishwa kutoka shule. Bi Mboni alikuwa anafagia baraza lile lile safi, anafagia tena. Bibi yenu Chausiku, wakati huo bado sijamuoa, ndiyo kwanza namvizia akija kujaza upepo, alikuwa anapita pale anasonya mpaka unasikia stesheni.

Siku ya kesi tulikusanyika ukumbini kwa Mzee Kilua baada ya alasiri. Semboja akaja na ushahidi wake, katlesi zimepangwa kwenye sahani, chini yake katandika kitambaa cheupe hata sahani yenyewe huioni. Akazipitisha. Kila mtu akala, maana kesi ni kesi na katlesi ni katlesi. Halafu akasimama, akaeleza habari za Mgoa na Mombasa na jinsi alivyohangaika kujifunza. Mzee Kilua akamuuliza swali moja la maana: je, huko nyuma hakuwahi kuonja za Bi Mboni?

"Wallahi, mzee," akasema Semboja, "tangu nihamie mtaa huu, kitu kilichotoka jikoni kwa mama huyu hakijapita mdomoni kwangu."

Kaapa. Mchana kweupe, kaapa.

Bi Mboni akaulizwa ana neno gani. Akasema futari alipeleka mwenyewe, lakini shahidi wake ni Mungu na kawa, na kawa haisemi. Watu wengine wakacheka. Semboja akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeshika spana mfukoni, sijui nilitaka kufanya nini nayo.

Sasa mnajua shughuli ikiisha, wasichana ndio wanaokusanya vyombo. Chausiku akainuka, akachukua vikombe, akachukua ile sahani ya Semboja. Akaondoa kitambaa, akaigeuza kukung'uta makombo uani. Nikamwona amesimama. Akarudi, akapiga goti mbele ya Mzee Kilua, akaiweka sahani chini imepinduliwa, kama unavyoweka chombo kikauke jua.

Nukta tatu. Mafiga.

Mzee Kilua akainama, akaigusa ile rangi kwa kidole. Akauliza, "Sahani hii kaja nayo nani?"

"Mimi," akasema Semboja. "Ni ya hotelini. Ndiyo ninayowawekea wageni wa heshima."

"Ya hotelini kwako?"

"Ya kwangu, mzee, siku nyingi."

"Kumbe siku hizi hoteli yako inapikia mafiga ya kuchora," akasema Chausiku, bado kapiga goti, macho chini, sauti ya adabu kabisa. "Hongera, kaka."

Wanawake wakaangua kicheko. Semboja akaitazama sahani. Na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa namtazama usoni. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau. Ameila ile futari, ameiosha ile sahani, ameiweka kabatini, ameitoa, ameiweka, mpaka kichwani mwake imekuwa yake. Na katlesi vivyo hivyo. Naapa yule Mgoa wa Mombasa alikuwa anamwona usiku ndotoni. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, na uzee wangu huu. Mwizi anayejua kaiba, siku moja atakuonea haya. Huyu anakutazama machoni, anakuita wewe mwizi, na moyo wake mweupe.

Akaanza kubabaika, sijui vyombo huchanganyika, sijui mkewe hakuwepo. Bi Mboni akainua mkono kumkatiza. Mama yule hakupaza sauti.

"Semboja, baba," akasema. "Sikukukataza kupika. Mimi mwenyewe niliiga kwa Mwarabu, na Mwarabu naye sijui aliiga kwa nani. Ungekuja ungeuliza, ningekufundisha mpaka ndimu. Ulichonifanyia si kupika. Ukila cha jirani, rudisha sahani."

Mzee Kilua akajifuta uso, akamwomba radhi Bi Mboni mbele ya watu, jambo ambalo mjumbe hafanyi. Akasema jiko litoke barazani jioni ile ile. Na Semboja akaambiwa sahani ataiosha, na ataipeleka mwenyewe kwa miguu yake, na mila anaijua, haiendi tupu.

Sasa hapo ndipo raha. Jioni mtaa mzima tulikuwa nje tunajifanya tuna shughuli. Bi Mboni anakaanga. Tunangoja kuona Semboja atatia nini. Maharage yake nayo si yake, kila mtu alijua aliyemfundisha. Chapati zile, hata yeye hakuthubutu. Magharibi imekaribia, tukamwona anavuka barabara, kabeba sahani kwa mikono miwili, uso chini. Akaiweka pale. Katlesi. Za muhogo. Mtu yule alitafuta hoteli nzima kitu kilicho chake, hakukiona.

Tulicheka mpaka treni ikapita hatukuisikia. Bi Mboni peke yake hakucheka. Alichukua moja, akaimega, akafumba macho. Semboja amesimama kama mtoto wa chuo anayengoja kusahihishwa.

"Ndimu, baba," akasema Bi Mboni. "Bado ndimu."

Akakata moja ya kwake, akampa. Semboja akaipokea. Na kuanzia hapo, abiria akimuuliza katlesi hizi umejifunza wapi, anaonyesha kwa kidevu: pale barazani, ng'ambo. Wengi walivuka, wengine walikaa kwake, wale watoto wakarudi shule. Mimi sikula tena hotelini kwake. Bi Mboni alimsamehe, sahani ilikuwa yake. Mimi bado.

Na watu wakaanza kulisema lile neno. Fundi akiiga mshono wa mwenzake akajidai, anaambiwa. Mwimbaji wa taarabu akichukua maneno ya mtu, anaambiwa. Hakuna anayekukataza kuiga. Tunu, piza hii tamu, nimekula vipande viwili na hicho cha tatu nakitazama. Lakini makaa juu ya mfuniko hukuyaona Tanga, Tanga kuna tanuri. Makaa alikufundisha Mama Salha, hapa nyuma ya ua, na unga alikuazima yeye, nilikuwa nimekaa hapa hapa naona. Na wageni walipouliza, jina lake hukulitaja.

Usilie, mke wangu, hujaapa. Kata hicho kipande kikubwa, kiweke kwenye ile sahani ya bluu iliyokuja na unga. Si yetu ile, igeuze uone chini. Mpelekee mwenyewe, na wageni wakiwa bado wamekaa, pita mbele yao wakuone unakokwenda. Ukila cha jirani, rudisha sahani.