Gita la Baba Atupele

Mtu mmoja, jina lake Lusekelo, alikuwa na mke, binti mdogo, shamba la viazi mlimani, na gita. Shamba lilimlisha. Gita hakuweza kueleza lilimfanyia nini, ila siku asipolishika alikaa na watu kama mgeni. Alikuwa mpiga solo wa bendi ya mji ule, na nawaambieni kweli, wapigaji wa namna yake ni wachache katika kizazi kizima. Wapo wenye vidole vyepesi, wanaokimbia juu ya nyuzi mpaka msikilizaji ashike kichwa. Yeye hakukimbia. Aligusa uzi mmoja, akauacha useme hadi umalize, ndipo akagusa mwingine.

Bendi hiyo ilikuwa na mwimbaji aitwaye Ambindwile. Alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na sauti yake ilipendeza, lakini ilikuwa sauti isiyojua njia. Ikiachwa peke yake ilipotea. Gita la Lusekelo ndilo lililoitangulia na kuionyesha pa kukanyaga, na ilipotaka kuanguka, gita liliingia chini yake likaipokea, hata wachezaji wasijue kwamba palikuwa na hatari yoyote. Ambindwile alijua. Walikuwa marafiki tangu ujana wao, na hakuna aliyeijua kazi ya Lusekelo kumshinda yeye.

Jukwaa la ukumbi lilikuwa jembamba, na taa yake ilikuwa mbele. Mwimbaji alisimama kwenye mwanga. Lusekelo aliketi kwenye kigoda nyuma ya ngoma, nusu yake ikiwa gizani. Kila Jumamosi watu walijaa, wakacheza, wakaliita jina la Ambindwile hadi sauti zikawakauka. Hakuna aliyemwita Lusekelo. Wengi hawakujua kwamba ana jina.

Mkewe, Tusajigwe, hakupendezwa na jambo hilo. Siku moja akamwambia, "Watu hawa wanasikiliza kwa macho, Baba Atupele. Sogea mbele wakuone."

Lusekelo alicheka. Akamjibu kwamba masikio hayadanganyiki, na kwamba kila anayecheza anajua moyoni ni kitu gani kinachomchezesha. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake. Aliishi kwayo miaka mingi, wala hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Kisha binti yao, Atupele, akashikwa na homa. Walimpeleka hospitali, wakarudi naye amefunikwa shuka. Tusajigwe alilia kama wanawake wanavyolia, kwa sauti, na wanawake wenzake wakamshika. Lusekelo hakuweza kulia. Watu walipokwisha kutawanyika na matanga kuvunjwa, alichukua gita, akaketi mlangoni pa jiko, akapiga kitu ambacho hakuwahi kukipiga. Kilianza chini, kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu, hapo uani tu. Kikapanda kidogo kidogo, kama mtu anayemwita mtoto aliyekwenda mbali. Kisha kikanyamaza kwa muda, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Halafu kikaanza upya.

Tusajigwe alikuwa anachambua maharage. Akayaweka chini, akasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliona kwamba mumewe naye amefiwa.

Ambindwile alikuja kuwajulia hali, akaukuta wimbo huo. Alilia machozi ya kweli, nami simnyimi haki yake katika hilo. Akasema, "Nipe wimbo huu niuimbe, ndugu yangu."

Lusekelo akamwambia, "Utakuwa umemwimba Atupele."

"Nitamwimba Atupele," Ambindwile akaahidi.

Lakini maneno ya msiba ni mazito ukumbini, na Ambindwile alikuwa mtu aliyezoea kushangiliwa. Alikaa na wimbo siku kadhaa. Akaogopa. Hatimaye akautilia maneno mengine, ya msichana wa sokoni mwenye maringo aliyemkimbia mpenzi wake. Hakumwambia rafiki yake. Lusekelo aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani, mikono yake ikiwa tayari katikati ya wimbo. Hakuacha kupiga. Aliona kwamba kuacha kungekuwa kumwacha mtoto njiani peke yake. Na pale gita liliponyamaza, mahali alipoacha nafasi ili mtoto aitike, wachezaji walipiga mbinja na vigelegele, kwa maana waliona nafasi ile imewekwa kwa ajili yao.

Wimbo ukapendwa kuliko nyimbo zote za bendi. Ulipigwa kila Jumamosi, na mara nyingi uliombwa urudiwe. Tusajigwe aliusikia kwa wanawake waliokuwa wakichota maji bombani, wakiimba na kuchezesha mabega. Aliitambua sauti ya kuita. Akarudi nyumbani na ndoo tupu, akamuuliza mumewe, "Wale wanamwimba nani?"

Tangu siku hiyo Tusajigwe hakukanyaga ukumbini tena, wala hakuteka maji katika bomba lile.

Wakaja watu wa redio kuirekodi bendi. Walipoumaliza wimbo ule, mtangazaji aliuliza ni nani aliyeutunga, kwa sababu alitaka kulitaja jina lake hewani. Ambindwile akageuka akamtazama Lusekelo. Lusekelo alikuwa ameinama anakaza uzi, lakini swali alilisikia, na mkono wake ukasimama. Bendi nzima ilingoja. Ambindwile akamgeukia mtangazaji, akasema, "Ni wangu."

Baadaye alimfuata Lusekelo nje, macho yake mekundu. Akamwambia kwamba alitaka kusema kweli, neno lilikuwa mdomoni kabisa, hajui lile jingine lilitoka wapi. Lusekelo alikuwa mpole kupita kiasi. Alimwambia asijali, kwani yuko atakayeuliza tena. Lakini hakuna aliyeuliza tena. Redio ilikwisha kusema, na mji wote, na miji mingine mbali na hapo, ilijua kwamba wimbo ni wa Ambindwile.

Miaka ikapita. Siku moja Lusekelo alikuwa shambani anapalilia, mkono na mguu wake wa kushoto vikafa ganzi, jembe likamponyoka. Majirani walimbeba hadi nyumbani. Uhai wake ulibaki, mguu ukarudi, lakini vidole vya mkono ule havikukunjika tena. Na mpiga gita bila mkono wa kushoto hana pa kuanzia.

Wala msidhani kwamba siku hiyo ndiyo aliyokata tamaa. Sivyo. Kulikuwa na jambo alilolingoja, nalo lilimfariji hata kitandani. Alijua kwamba Jumamosi inakuja, na kwamba ukumbi utajaa, na kwamba mwingine atakaa kwenye kigoda chake. Aliwaza kwamba sasa watakapolikosa gita watauliza liko wapi. Akamwomba mkewe amfulie shati jeupe, asije akakutwa mchafu na watakaokuja kumwona. Tusajigwe akalifua, akalinyoosha. Yeye hakutazamia mtu, lakini hakuwa na moyo wa kumnyima.

Bendi ilimweka kijana mwingine. Alikuwa amezikariri nyimbo zote, akizipiga bila kosa, na hazikuwa na kitu ndani yake. Sauti ya Ambindwile ikaanza kuyumba. Watu waliliona hilo, maana hata aliye kiziwi nusu angeliona. Wakaanza kuzungumza. Wengine walisema Ambindwile amezeeka. Wengine walisema spika za ukumbi zimeharibika, wengine kwamba dansi lenyewe limepitwa na wakati. Wakapungua kidogo kidogo, wakahamia kwenye starehe nyingine. Walikisia kila sababu iliyopo duniani, isipokuwa ile moja iliyokuwa imelala nyumbani na shati jeupe. Ambindwile aliwasikia wakikisia. Alikubali kuitwa mzee.

Na Lusekelo alipoelewa kwamba hakuna ajaye, imani yake ikazimika. Sifa angeweza kuishi bila hizo, kwa kuwa alikwisha kuzoea. Lililomvunja ni kujua kwamba miaka yote ile hakuna aliyekuwa akisikia. Akamwambia Tusajigwe, "Nilimlilia mtoto wetu mbele ya umati, Mama Atupele, na hakuna hata mtu mmoja aliyenipa pole." Akamwomba aliondoe gita ukutani. Tusajigwe akalifunga kwa khanga, akaliweka mbali na macho yake. Lusekelo aliendelea kula na kulala na kuitikia salamu, lakini aliyekaa naye alijua kwamba mwenye nyumba amekwisha kuhama. Masika yaliyofuata hakuyaona.

Watu walikuja mazikoni, kwa kuwa walikuwa watu wema, na jirani hazikwi na wawili. Mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu. Alisema kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari wa viazi, mpole, asiye na ugomvi na mtu, na kwamba katika ujana wake aliwahi kusaidia katika bendi ya Ambindwile. Ambindwile mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amedhoofika na anatembelea mkongojo, lakini alipoingia uani watu walisimama, wakampa kiti cha mbele karibu na jeneza. Vijana waliokuwa na spika walifurahi kumwona. Wakaona si vizuri mgeni mkubwa kama huyo akae kimya hivihivi, na tena wakafikiri kwamba mjane naye atafarijika. Wakauweka wimbo ule, uliorekodiwa siku ya redio.

Gita likaanza kuita.

Tusajigwe alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake. Tangu asubuhi hakuwa amelia. Akainuka, akasimama mbele ya watu wote, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Huyo anayelia ndani ya wimbo huo ndiye huyu mnayemzika."

Watu walimtazama, halafu wote pamoja wakamtazama Ambindwile, kwa kuwa wimbo ni wake na yeye ndiye angejua. Hakuwa na kitu cha kupoteza tena. Bendi ilikwisha kufa, sauti haikuwepo, na kaburi lake mwenyewe halikuwa mbali. Alijiinua kwa mkongojo wake. Akamshika Tusajigwe mkono, akasema, "Pole sana, mama."

Waombolezaji wakapumua. Wakanong'onezana jinsi mtu mashuhuri alivyo mnyenyekevu, hata anawafariji wajane. Wanawake wawili wakamchukua Tusajigwe taratibu, wakamwingiza ndani, wakimwambia kwamba uchungu humfanya mtu aseme asichokijua, na kwamba apumzike. Hakushindana nao. Wimbo ukafika mwisho, mtu mmoja akaomba urudiwe, ukarudiwa. Kisha wakalibeba jeneza wakaenda kuzika, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima.

Ndugu zangu, nawaona mnamlaumu Ambindwile, nami simtetei. Lakini ukumbi ule ulijaa kila Jumamosi, na walioujaza walikuwa na masikio kama yenu: basi ni nani anayelia karibu nanyi leo hii, nanyi mnacheza?