Bwawa la Ghorofa ya Chini

Siwema alipanga ghorofa ya tisa katika jengo la kifahari kule Masaki. Lilikuwa na marumaru, mlinzi aliyevaa glavu nyeupe na bwawa la kuogelea lililojaa pomoni. Kilichokosekana ni kitu kidogo tu: maji bombani, kwa siku kumi na moja.

"Pampu imekufa na fundi ni ghali," alisema mwenye jengo, Mzee Kahabuka. "Lakini bwawa si lipo? Huko uswahilini ulikuwa na bwawa?"

"Sikuwa nalo, mzee. Basi niandikie ruhusa nilitumie nitakavyo."

Kahabuka aliandika huku akicheka, akagonga na mhuri.

Jumamosi, siku ya kuonyesha vyumba, alimtembeza mama mmoja tajiri aliyetaka kupanga ghorofa tatu nzima. Bwawani walimkuta Siwema na beseni, anafua mashuka.

"Wewe binti! Unafanya nini?" alifoka Kahabuka.

Siwema alimkabidhi yule mama karatasi yenye mhuri. "Karibu, mama. Sisi wa juu tunafulia hapa. Uje na sabuni yako tu."

Mama alimgeukia Kahabuka, ambaye tayari alikuwa akimbembeleza fundi kwenye simu.

"Mwambie asichelewe, mzee," alisema Siwema. "Bado nina mapazia."